Pumzi Isiyolala: Historia ya Waliojua Kuwa Wanaota

Karibu mwaka 415, Augustino, askofu wa Hippo katika pwani ya kaskazini ya Afrika, alimwandikia askofu mwenzake Evodius barua iliyohusu tabibu mmoja aitwaye Gennadius. Tabibu huyo alikuwa amejipatia sifa mjini Roma, na wakati huo aliishi Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo. Alikuwa mtu mwema, mkarimu kwa maskini, lakini ujanani mwake alisumbuliwa na shaka kama kuna uhai wowote baada ya kifo. Usiku mmoja aliota kijana mwenye sura njema akimwongoza hadi kwenye mji ambako alisikia nyimbo tamu kuliko zote alizowahi kuzisikia. Alipoamka, aliona ni ndoto tu.

Usiku mwingine kijana yule alirudi na kuanza kumhoji. Alimuuliza kama anamkumbuka, na kama ule mji aliuona akiwa macho au akiwa usingizini. Gennadius alijibu kuwa aliuona usingizini, kisha akakiri kwamba hata wakati huo wanapozungumza amelala. Kijana akamuuliza mwili wake uko wapi. Akasema uko chumbani, kitandani. Akaulizwa kama anajua kuwa macho ya mwili huo yamefumbwa na hayaoni chochote. Akasema anajua. Basi anamwona kwa macho gani? Hapo tabibu akakosa la kusema.

Augustino aliitumia habari hiyo kutetea imani kwamba roho haitegemei macho ya nyama. Mimi naithamini kwa sababu nyingine. Ni miongoni mwa masimulizi ya kale kabisa, yenye jina la mhusika, kuhusu mtu aliyeota huku akijua kuwa anaota, na aliyejua wakati huohuo jinsi mwili wake ulivyotulia kitandani. Hali hiyo tuiite hapa ndoto ya utambuzi. Kwa zaidi ya miaka 1,500 baada ya Gennadius, kila aliyeionja aliamka akasimulia, na msikilizaji alikuwa huru kuamini au kukataa, maana mwili uliolala hautoi ushahidi. Historia hii inaeleza ushahidi ulivyopatikana. Ulipatikana siku aliyelala na aliye macho walipowekeana makubaliano, na ujumbe ukapita katika njia ambazo usingizi hauzifungi: macho na pumzi.

Alfajiri ya Himalaya

Augustino hakuwa wa kwanza kuligusa jambo hili. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika katika risala yake kuhusu ndoto kwamba mara nyingi mtu akiwa amelala kuna kitu akilini kinachomwambia kuwa anachokiona ni ndoto. Alisema hayo kwa maneno machache akaendelea na mengine. Walikuwapo watu wengine waliolifanya kuwa kazi ya maisha yao.

Katika karne ya 11, walimu wa Kibuddha nchini India, Naropa akiwa mmojawapo, walifundisha mafunzo sita ya siri, na moja kati ya hayo lilikuwa la ndoto. Marpa, mfasiri kutoka Tibet, alivuka milima ya Himalaya kuyafuata, akarudi nayo kwao na kumrithisha mwanafunzi wake Milarepa. Mafunzo sita mengine yanayofanana na hayo yalitoka kwa mwanamke aitwaye Niguma, yakamfikia Khyungpo Naljor, mwanzilishi wa tawi la Shangpa. Baadaye mwanachuoni mkubwa Tsongkhapa, aliyefariki mwaka 1419, aliyaandikia ufafanuzi mafunzo ya Naropa.

Maelekezo yao yalianza na mwili. Mwanafunzi alale kwa ubavu wa kulia, mkao walioupa jina la simba, atulie, aielekeze akili yake kooni. Kukipambazuka, avute pumzi ya mtungi mara saba: hewa inashushwa hadi chini ya kitovu, inazuiwa hapo kidogo tumbo likiwa limevimba mfano wa mtungi, kisha inaachiliwa polepole. Baada ya hapo anuie mara 11 kuitambua ndoto atakayoiota, halafu akili itue kwenye nukta nyeupe katikati ya nyusi. Msingi wa yote hayo ulikuwa imani kwamba akili husafiri juu ya pumzi kama mtu juu ya farasi: farasi akitulia, mpandaji naye hutulia. Walichokitafuta hakikuwa starehe ya kuruka angani usiku. Walitaka mwanafunzi aione dunia ya mchana nayo kuwa ni ndoto, ili kifo kisimkute amezubaa.

Msomaji Mwislamu wa pwani yetu ataitambua sehemu ya maelekezo hayo, kwa kuwa kulala kwa ubavu wa kulia ni sunna aliyofundishwa tangu utotoni, ingawa nia yake ni nyingine: udhu, dua na kujikabidhi kwa Mola. Na katika ulimwengu wa Kiislamu wenyewe alikuwapo aliyejaribu kuukaribia mlango wa ndoto kwa makusudi. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, anataja maneno fulani yaliyokuwa katika vitabu vya elimu ya siri, ambayo mtu huyatamka anapopitiwa na usingizi huku akitaja haja yake. Anakiri kuwa aliyajaribu mwenyewe na akaona mambo ya ajabu. Lakini mara moja anaweka tahadhari ya mwanazuoni: hilo halithibitishi kuwa nia ya mtu inaweza kuizalisha njozi, maneno huiandaa nafsi tu. Tahadhari hiyo ingewafaa wengi waliokuja baada yake.

Watu wa Tibet walichagua alfajiri. Saa hiyo ilipatikana kwa uzoefu wa vizazi, na sababu yake haikujulikana hadi karne ya 20.

Daftari za Paris, bustani ya Uholanzi

Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na mtu aliyeanza akiwa mtoto. Hervey de Saint-Denys, aliyezaliwa mwaka 1822 na ambaye baadaye alifundisha Kichina katika Collège de France, alianza kuandika na kuchora ndoto zake akiwa na umri wa miaka 13. Daftari zilifika 22, zikiwa na kumbukumbu za usiku 1,946. Mazoea ya kuandika yalimzidishia kukumbuka, na kukumbuka kukamletea kutambua: akawa anajua, katikati ya ndoto, kwamba anaota, na anaweza kuielekeza. Mwaka 1867 alichapisha kitabu kuhusu ndoto na njia za kuziongoza, bila kuweka jina lake. Nakala zilikuwa chache kiasi kwamba Sigmund Freud, alipokuwa akiandika kitabu chake kikubwa kuhusu ndoto, alisema ameitafuta asiipate.

Jaribio lake moja linahitaji kuelezwa. Alikwenda kukaa Vivarais, eneo la milima kusini mwa Ufaransa, akatumia manukato ya aina moja huko tu. Alirudi nyumbani, akayaweka chupani miezi mingi. Kisha akamwagiza mtumishi wake adondoshe matone kwenye mto usiku wowote apendao, bila kumwambia. Usiku wa matone, akajiota yuko milimani. Kwa hiyo alijua kuwa dunia ya nje inaweza kumfikia aliyelala kwa njia ya pua. Alichokikosa ni njia ya kujibu. Mtumishi angesimama kando ya kitanda hadi asubuhi asijue kama bwana wake yuko Vivarais au kwingineko.

Mholanzi Frederik van Eeden, daktari wa akili na mwandishi wa riwaya, alilisogeza jambo karibu zaidi na mwili. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1898 aliota amelala kifudifudi bustanini, mbele ya madirisha ya chumba chake cha kusomea, akimtazama mbwa wake kupitia kioo. Wakati huohuo alijua bila shaka yoyote kwamba anaota, na kwamba kitandani amelala chali. Akaamua kuamka polepole, kwa uangalifu, aone hisia ya kulalia kifua itageukaje kuwa hisia ya kulalia mgongo. Alieleza kuwa ilikuwa kama kuteleza kutoka mwili mmoja kuingia mwingine, na kwamba kumbukumbu za miili yote miwili zilibaki kwake, kila mmoja na mkao wake. Hadi mwishoni mwa mwaka 1912 alikuwa ameandika ndoto 352 za aina hiyo, na mwaka 1913 akasoma taarifa kuzihusu mbele ya Chama cha Utafiti wa Mambo ya Roho mjini London. Jina la ndoto hizo ambalo watafiti wanalitumia hadi leo lilianza kuenea kutokana na taarifa hiyo.

Wakati van Eeden akiandika, huko Southampton, Uingereza, kijana Hugh Callaway alikuwa akigundua upande wenye hofu. Mwaka 1902, akiwa mwanafunzi, aliota amesimama nje ya nyumba yao, akaona mawe ya njia ya miguu yamegeuka: yaliyokuwa yamelazwa kukabili barabara sasa yamelazwa sambamba nayo. Kosa hilo dogo likamfunulia kuwa anaota. Baadaye, kwa jina la kalamu la Oliver Fox, alisimulia jinsi alivyong'ang'ania kubaki ndotoni, na jinsi baadhi ya mang'ang'anio hayo yalivyomwishia kitandani akiwa na akili timamu ndani ya mwili uliokataa kutikisika.

Jinamizi

Hali hiyo haihitaji kutafsiriwa kwa watu wa Afrika Mashariki. Jinamizi linamkaba mtu akiwa amelala chali. Anaona chumba chake, anasikia sauti za nyumbani, anataka kupiga kelele, na hakuna kiungo kinachomtii. Kifuani anahisi uzito, na pumzi anaiona fupi. Wengine wanaona umbo la mtu mlangoni au juu yao. Mwaka 1995, Pemba na kisha Unguja zilipokumbwa na hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, familia zilitoka nje zikalala pamoja uani, na baadhi ya watafiti walioichunguza hofu ile walitambua katika simulizi za watu dalili zilezile: kuamka, kuganda, kukandamizwa. Hofu ile ilikuwa na sababu zake nyingi, za kijamii na za kisiasa, ambazo mwili peke yake hauwezi kuzieleza. Lakini tukio la mwili lilikuwapo, na waliolisimulia hawakulitunga.

Nalitia jinamizi ndani ya historia hii kwa kuwa ni mlango uleule. Anayetaka kuingia ndotoni akiwa na fahamu na anayeamka akakuta mwili umefungwa wanasimama kwenye kizingiti kimoja, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Tofauti kubwa kati yao ni hofu. Ili kujua kizingiti hicho kimejengwa na nini, ilibidi kusubiri mashine.

Macho mbio, misuli imefungwa

Desemba 1951, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky alimbandika mwanawe mdogo, Armond, elektrodi pembeni mwa macho na kumwacha alale. Kalamu za mashine zilichora mistari iliyopanda na kushuka ghafla, kana kwamba mtoto yuko macho. Aliingia chumbani akamkuta amelala fofofo. Mwaka 1953 yeye na msimamizi wake Nathaniel Kleitman walitangaza katika jarida la Science kuwa usingizi una vipindi ambavyo macho huenda mbio chini ya kope. Walipowaamsha watu katika vipindi hivyo mara 27, mara 20 walisimuliwa ndoto zenye picha wazi. Na pumzi nayo ilibadilika: wastani wa karibu mara 17 kwa dakika macho yakikimbia, dhidi ya karibu mara 13 yakiwa yametulia. Usingizi huo ukaitwa wa REM.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Cha kwanza ni kifupi. Kadiri usiku unavyokwisha vinarefuka, na kirefu zaidi huja kuelekea mapambazuko. Walimu wa Tibet walikuwa wameichagua saa ambayo ndoto ni nyingi na usingizi wa pono umekwisha kupungua.

Mwaka 1959, mjini Lyon, Michel Jouvet aliona jambo la pili kwa paka. Katika usingizi huo ubongo unafanya kazi kama wa mnyama aliye macho, ilhali misuli ya shingo na miguu imelegea kabisa. Akauita usingizi wa kinyume. Kisha yeye na wenzake walipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka walinyanyuka wakiwa bado wamelala, wakanyemelea mawindo yasiyokuwapo, wakarusha makucha. Kwa hiyo amri za ndoto huwa zinatolewa kweli, na kuna kufuli katika shina la ubongo linalozizuia zisifike kwenye viungo. Utulivu wa mwili unaoota ni kazi inayofanywa na mwili wenyewe.

Kufuli hilo haliwezi kufunga kila kitu. Misuli ya macho huachwa huru. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huachwa pia, maana ukifungwa mtu hufa. Misuli ya katikati ya mbavu hulegea, hivyo kiwambo hubeba karibu mzigo wote wa kupumua. Hapa ndipo jinamizi linapoeleweka: mtu ameamka kabla ya kufuli kufunguka, anajaribu kuvuta pumzi ndefu kwa kifua, kifua hakiitiki, naye anahisi anakabwa, wakati kiwambo kinaendelea kumpa hewa ya kutosha. Akijua hivyo, na akaiacha pumzi iende ilivyo, hali hupita baada ya muda mfupi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huohuo wa 1959 mwanafalsafa wa Marekani Norman Malcolm alichapisha kitabu kilichodai kuwa mtu aliyelala hawezi kuwa na hukumu yoyote akilini, na kwamba kusema “nimelala” ni kutamka maneno yasiyoweza kuwa na maana. Kwa hoja hiyo, Gennadius, Hervey na van Eeden hawakuwa na walichokijua. Walikuwa na hadithi walizozitunga walipoamka. Wengi katika vyuo walikubaliana naye. Na kwa haki, hakuna aliyekuwa na namna ya kumjibu, mpaka mwotaji atoe neno akiwa hukohuko.

Hull, 12 Aprili 1975

Mwaka 1968 Celia Green wa Oxford alikusanya simulizi za waotaji wa namna hii katika kitabu kimoja, akazichukulia kwa uzito wote. Miaka saba baadaye Keith Hearne, mtafiti kijana katika Chuo Kikuu cha Hull, kaskazini mwa Uingereza, alipata wazo ambalo ukilisikia unashangaa kwa nini halikuja mapema. Mikono imefungwa, ulimi umefungwa, lakini macho hayakufungwa. Basi macho yaseme.

Aliwekeana makubaliano na Alan Worsley, mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kutambua ndoto zake: akijua kuwa anaota, ayapeleke macho kushoto na kulia mara nane. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, saa mbili hivi, Worsley akiwa katika usingizi wa REM, miongoni mwa michoro ya macho isiyo na mpangilio ikatokea ile ya kwenda na kurudi kwa utaratibu uliokubaliwa. Kwa mara ya kwanza inayojulikana, mtu aliyekuwa ndani ya ndoto alikuwa amemwambia mtu aliye macho, kwa kukusudia, kwamba yuko huko na anajua.

Habari za Hull hazikufika mbali. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, Stephen LaBerge alifikia wazo hilohilo bila kuijua kazi ya Hearne, na tarehe 13 Januari 1978 yeye mwenyewe, akiwa amelala maabara, alitoa ishara yake ya kwanza. Majarida makubwa yaliikataa makala yake na wenzake kabla ya Perceptual and Motor Skills kuichapisha mwaka 1981. Watu 5 walilala maabara jumla ya usiku 34 wakaripoti ndoto za utambuzi 35, na 32 kati ya hizo zilitokea katika REM. Dai la Malcolm lilikuwa limepata jibu kwenye karatasi ya mashine.

Zamu ya pumzi

Macho yalitosha kuthibitisha kuwa mwotaji anajua. Hayakuonyesha kama anachokifanya ndotoni kinaufikia mwili. Kwa swali hilo LaBerge na mwenzake William Dement waliigeukia pumzi, na nadhani hapa ndipo historia hii ina uzuri wake mkubwa.

Kupumua kuna mamlaka mbili. Shina la ubongo huendesha pumzi usiku na mchana bila kuombwa, na sehemu ya juu ya ubongo inaweza kuingilia kati kwa hiari, kama tunavyofanya tukiimba, tukizungumza au tukipiga mbizi. Hakuna kazi nyingine ya lazima ya uhai iliyo mikononi mwetu kwa kiasi hicho. Je, hiari hiyo inafika hadi usingizini? Katika utafiti waliouripoti mwaka 1982, waotaji watatu walikubaliana na watafiti kwamba wakishatambua ndoto watatoa ishara ya macho, kisha ama watapumua haraka haraka ama wataizuia pumzi, halafu watatoa ishara tena. Walifanikiwa mara 9. Hakimu ambaye hakuambiwa lipi lilifanyika lini alipewa michoro ya kupumua, akapatia mara zote 9. Kwa kubahatisha tu, nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 512.

Aliyezuia pumzi ya mwili wa ndotoni aliizuia pumzi ya mwili wa kitandani. Miili miwili ya van Eeden, ambayo kwake ilikuwa na mikao miwili tofauti, ilikutana katika pumzi moja.

Mwaka 2018, watafiti wa Paris, wakiwemo Delphine Oudiette na Isabelle Arnulf, walilifuata jambo hili kwa wagonjwa wa narkolepsi, maradhi yanayomwangusha mtu usingizini mchana na kumwingiza haraka katika REM, na ambayo wenye nayo wengi hupata ndoto za utambuzi mara kwa mara. Wagonjwa waliripoti ndoto za kupiga mbizi au kuzungumza, na mashine zikaonyesha pumzi ikikatika na kurudi kulingana na simulizi. Mwaka 2021 maabara nne, za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zilitangaza kwa pamoja kuwa mazungumzo sasa yanakwenda pande zote mbili: waotaji waliulizwa maswali, kwa mfano nane kutoa sita, wakajibu kwa macho au misuli ya uso. Washiriki walikuwa 36, na majibu sahihi yalikuja katika asilimia 18.4 ya majaribio. Ni kidogo, na mara nyingi hapakuwa na jibu lolote. Lakini kile alichokikosa Hervey, njia ya kumjibu mtumishi aliyesimama kando ya kitanda, kimepatikana.

Kutulia bila kulazimisha

Elimu hii imewafikia watu wa kawaida, na wengi wanaifanyia mazoezi kwa kuamka kabla ya alfajiri, kukaa kidogo, kisha kurudi kitandani. Paul Tholey, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1983 mbinu za kuingia ndotoni moja kwa moja kutoka katika hali ya kuwa macho: mtu anatulia, anazingatia mwili unavyoganda, kisha anajiachia hadi hisia za mwili huo ziyeyuke au ajione ametoka ndani yake. LaBerge na Howard Rheingold, katika kitabu cha mwaka 1990, walitoa zoezi la kulegeza sehemu 61 za mwili, zoezi la kuhesabu huku ukijikumbusha kuwa unaota, na pia pumzi ya mtungi na nukta za Watibeti. Maabara ya California na mapango ya Himalaya vikawa katika kurasa jirani.

Wanaoanza hukosea wakidhani kutulia ni mapambano. Wanakaza mwili, wanavumilia mwasho wa pua hadi machozi, wanabana pumzi wakingoja kufuli lije. Historia tuliyoipitia inafundisha kinyume. Kufuli ni la shina la ubongo na huja lenyewe usingizi wa REM unapofika. Kubana pumzi hulundika kaboni dioksidi damuni, na kwa mwili hiyo ni sababu ya kuamka. Walimu wa Tibet waliizuia pumzi kwa muda mfupi kabla ya usingizi, kisha wakaiachia. Utafiti wa Denholm Aspy wa Adelaide, uliochapishwa mwaka 2017, unaunga mkono kujiachia: waliotumia mbinu ya kuamka na kunuia kuitambua ndoto walifanikiwa katika takriban asilimia 17 ya majaribio, lakini waliopitiwa na usingizi ndani ya dakika 5 baada ya kunuia walifikia asilimia 46. Nia ilikwisha kuwekwa. Kilichobaki kilikuwa kulala. Ibn Khaldun angetambua neno lake hapo. Na anayekosa usingizi, au ambaye akili yake imewahi kumchanganyia ya kweli na yasiyo ya kweli, asijaribu hata kidogo bila ushauri wa daktari, maana kukatiza usingizi kuna gharama.

Faida iliyo karibu zaidi nasi ni kwa wanaoteswa na ndoto mbaya. Mwaka 2006, nchini Uholanzi, Victor Spoormaker na Jan van den Bout walijaribu kuwafundisha baadhi ya wagonjwa kati ya 23 kutambua ndoto zao za kutisha wakiwa ndani yake, na idadi ya ndoto hizo ikapungua. Lilikuwa jaribio dogo, la mwanzo. Lakini liliwezekana kwa sababu hatimaye kuna watu walioacha kumwambia mgonjwa kuwa ametunga.

Kwetu, mtu akisema usiku jinamizi lilimkaba, huchekwa, hutafutiwa mchawi, au huambiwa amevimbiwa. Anastahili kusikilizwa kama shahidi wa jambo lililotokea kweli mwilini mwake: misuli ilifungwa, macho yalikuwa huru, na pumzi yake haikukatika hata mara moja. Aambiwe hilo la mwisho kwanza. Ndilo litakalomwondolea hofu, na lilipatikana kwa sababu watafiti waliketi na waotaji, wakaamini kuwa aliyelala anaweza kuwa na la kusema, wakakubaliana naye namna ya kulisema.